Sura ya Sita: Ndevu za Sumaku

Ijumaa asubuhi Sajenti Zedekiah Lusweti alifika kazini akamkuta mama mmoja mnene amekaa juu ya meza yake. Viti vilikuwepo viwili, tena vitupu. Mama aliichagua meza, na juu ya majalada akaweka kikapu chenye kuku.

"Wewe ndiye umemfunga bwana harusi wetu?" aliuliza.

"Mimi nimetoka likizo jana, mama. Kesi hii nimeikuta kama wewe ulivyoikuta meza."

"Basi mfungue."

Huyu alikuwa Ndunge, shangazi yake Nthenya, na Nthenya alikuwa aolewe kesho yake saa tano katika kanisa la mabati la Kangemi. Mwenye kumwoa, kijana aitwaye Nzuki, alikuwa mahabusu tangu jana mchana. Harusi nyingine ingeahirishwa, lakini huu ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, Hali ya Hatari haijaondolewa, na watu hawakukusanyika bila karatasi. Kibali cha harusi kilikuwa na tarehe moja tu. Ndugu wa bibi harusi, watu ishirini na watatu kutoka vilima vya Mua, walikuwa na pasi za kukaa Nairobi hadi Jumapili jioni. Baba yake Nthenya alikwisha kuapa kwamba akirudi na binti ambaye hajaolewa, mambo ya Nzuki yamekwisha, maana yuko mwenye duka huko Machakos aliyekuwa akimwulizia binti huyo tangu mwaka juzi.

"Mwenye duka ana meno manne," alisema Ndunge. "Nthenya amesema yeye na meno manne hapana."

"Nipe mpaka jioni, mama."

"Nitangoja hapa." Akajisogeza vizuri juu ya meza, kama mtu anayejitayarishia usingizi.

Kesi yenyewe ilionekana imeiva. Bwana Hallam, Mzungu wa kampuni ya kutafuta madini, ambaye vibarua wake walimwita Bwana Kokoto, alikuwa ameleta masanduku matatu ya mawe kutoka pwani kwa treni. Jumatano alifungua sanduku la tatu akakuta kwamba jiwe namba kumi na nne, lililo bora kuliko yote, limebadilishwa. Jiwe lilikuwepo, jeusi, la ukubwa uleule, lakini silo. Nzuki ndiye aliyekuwa msaga mawe wa kampuni. Askari wakaenda chumbani kwake Kangemi, wakakuta suti mpya ya harusi, na katika mkunjo wa suruali wakakuta mchanga mweusi unaometameta. Inspekta Crabbe, mkubwa wa Zedekiah, alikuwa amesoma gazetini habari za mawe ya kutengenezea bomu. Akaamua kwamba Nzuki ametumwa na nchi ya kigeni. Nchi yenyewe hakuitaja. Faili lilikuwa liende kortini Jumatatu.

Zedekiah alishuka mahabusu. Nzuki alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikataa kuegemea ukuta, eti asije akapeleka kunguni kanisani.

"Hilo jiwe lina nini mpaka watu waibiane?" Zedekiah alimwuliza.

"Ni mchanga tu, afande. Mchanga wa ufuo wa zamani kabisa. Bahari ilikuwa pale, ikarudi nyuma, mchanga ukabaki, ukashikana ukawa jiwe. Siku hizi kutoka pale mpaka majini unatembea ukachoka."

"Mchanga mbona uko kila mahali?"

"Huu una uzito." Nzuki alikunja viganja kama mtu aliyeshika ungo. "Umeona mama akipeta mtama? Makapi yanakwenda, punje zinabaki. Mawimbi ni hivyo hivyo. Yanapeta, mchanga mwepesi unakwenda, mweusi unabaki mstari mstari. Mawe mengine yana mstari mmoja, miwili. Hii namba kumi na nne ni nyeusi yote. Ukiibeba utafikiri kuna mtu chini anaivuta."

"Na ndiyo ya bomu?"

"Bomu gani? Bwana Kokoto anasema wanatoa rangi nyeupe ya kupaka nyumba."

"Rangi nyeupe kutoka mchanga mweusi?"

"Mimi nasaga tu, afande. Mambo mengine ya Wazungu naachia Wazungu."

Zedekiah aliandika katika daftari lake *nyeupe kutoka nyeusi*, akatia alama ya kuuliza. "Mtu atautambuaje huo mchanga na mwingine?"

"Kwa sumaku. Mwingi wake sumaku inaushika. Na ukiosha kwenye karai unakaa chini, hautaki kutoka."

"Na suti umeichukua lini?"

"Jumatano jioni kwa Shem, yule fundi wa River Road. Sijaivaa hata kidogo. Nilikuwa naogopa hata kuipumulia."

Suti ilikuwa stoo ya vidhibiti, imefungwa karatasi na kupigwa muhuri. Konstebo Mutiso, mtunza stoo, aliifungua kwa kinyongo. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, nzuri, bado ina pini ya fundi kwenye kola. Zedekiah alipapasa suruali polepole, mkunjo mmoja baada ya mwingine, hadi kiunoni. Hapo vidole vilisimama. Kulikuwa na kitu kama punje za chumvi ndani ya kitambaa, mahali palipokwisha kushonwa pande zote. Akaomba wembe. Mutiso akasema wembe haumo katika kanuni. Zedekiah akautoa wa kwake, akakata nyuzi mbili tu, akatikisa juu ya karatasi. Mchanga mweusi ukamwagika, ukiwa na punje nyekundu chache ndani yake, zinang'aa kama macho ya panya.

"Mutiso," alisema, "mwizi anaweza kutia mchanga mfukoni. Anaweza kuutia kwenye mkunjo. Lakini je, anaweza kuutia ndani ya pindo ambalo limeshonwa?"

Mutiso alifikiri. "Akiwa mwizi hodari?"

"Hata akiwa hodari."

Mchanga huo, basi, uliingia kabla ya sindano. Zedekiah alichukua baiskeli yake. Lakini kabla ya fundi, alitaka kwanza kulisalimu lile jiwe la uongo.

Ofisi ya kampuni ilikuwa katikati ya mji, nyuma ya jengo la mawakili, uani. Bwana Hallam hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwake Kabete akiandika ripoti. Aliyekuwepo ni karani wake, Tobias, mtu mfupi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na desturi ya kuandika jambo kabla ya kulisema. Alimwongoza Zedekiah hadi kwenye sanduku, akalifungua kwa ufunguo uliofungwa mshipini.

Zedekiah aliinua jiwe. Lilipanda juu kwa wepesi hata nusura limpige kidevu. Akalisogeza puani.

"Tobias, funguo za sanduku hili ni ngapi?"

"Mbili. Huu wangu na wa bwana."

"Na kitabu cha kuandikisha mawe yanayotoka?"

"Hiki hapa. Namba kumi na nne haijaandikwa kutoka."

Zedekiah hakukitazama kitabu. Alikuwa akitazama chini ya meza. "Watu wa mji huu wanasema nini kuhusu viatu vyako?"

Tobias naye alitazama chini. "Viatu vyangu, afande?"

"Nimeuliza pale langoni nikimtafuta karani. Askari akaniambia, utamjua kwa viatu, mtu anaweza kujinyolea ndani yake. Sasa naviona vina vumbi kama vya mchunga mbuzi. Dawa ya viatu imekwisha?"

Karani alirudisha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Nakuuliza kwa sababu jiwe hili linanuka dawa ya viatu. Kopo zima, nadhani. Na pale ambapo brashi haikufika, huku ubavuni, naona ni jiwe la kijivu la kujengea nyumba, kama yale yaliyopangwa hapo nje ukutani."

Tobias aliangukia kiti. Kalamu moja ikaruka mfukoni ikaanguka sakafuni, wala hakuiokota.

"Sikuiba," alisema. "Naapa kwa mama yangu. Jumatatu nilifungua kuandika uzito, nikakuta nafasi tupu. Tupu! Kitabu hakina sahihi ya mtu. Na ufunguo ni wangu. Wangemshika nani? Nikachukua jiwe pale nje, nikalipaka. Nilidhani bwana hatalibeba mpaka nitakapopata la kweli."

"Utalipata wapi?"

"Sikuwa nimefika huko kwa mawazo."

"Wakamshika Nzuki, ukanyamaza."

"Nilidhani watamwachilia siku hiyo hiyo."

"Harusi yake ni kesho saa tano, Tobias."

Karani alijifunika uso. Zedekiah alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia aandike maneno hayo yote na kutia sahihi, na katika hilo Tobias alipata nafuu kubwa. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri ajabu, akapigia mstari neno *tupu* mara mbili.

River Road siku ile ilijaa watu hadi barazani. Shem, fundi kutoka Maragoli, alikuwa na cherehani yake mbele ya duka la vitambaa la Mhindi, kati ya muuza misumari na mpiga chapa wa kadi. Alikuwa mrefu, kibogoyo wa mbele, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuweza kunyamaza na kushona kwa wakati mmoja, kwa hiyo hushona polepole.

"Sajenti! Karibu kiti. Umekuja kwa sare? Hiyo kaptula yako fundi wake nadhani alikuwa amekasirika."

"Nimekuja kwa suti ya Nzuki."

"Suti ile! Mwambie akinenepa baada ya ndoa, nimeacha kitambaa nyuma."

"Kuna mtu alikuletea mchanga hapa dukani?"

"Mchanga? Mimi najenga?" Shem alicheka, akayumba, kopo la pini likapinduka, pini zikatawanyika chini kwenye saruji. "Ona sasa, umenipiga mkosi." Akaingiza mkono kwenye mtoto wa meza, akatoa sumaku, moja ya zile zilizopinda kama kwato, nyekundu mgongoni. Akainama akaipitisha chini. Pini zikarukia, moja baada ya nyingine.

Aliponyanyuka, Zedekiah alimshika kifundo cha mkono.

"Usizitoe."

Kati ya pini, ncha zote mbili za sumaku zilikuwa zimeota ndevu. Zilikuwa nyeusi, fupi, zimesimama wima kama za mzee aliyetishwa.

"Hizo? Wiki hii nzima iko hivyo," alisema Shem. "Kila nikiokota pini inaota ndevu. Nilidhani sumaku imezeeka."

"Nipe maji kidogo."

Fundi alimpa kopo lake la kunyunyizia nguo za kupigwa pasi. Zedekiah akakomba vumbi la sakafuni kwa kadi ya yule mpiga chapa jirani, akalitia ndani, akazungusha kopo na kumwaga, akazungusha na kumwaga, ulimi umetoka pembeni. Nyuzi zikatoka, vumbi likatoka, majivu ya sigara yakatoka. Chini kikabaki kijipinde cheusi kama nyusi ya mwanamke, kilichokataa kumwagika. Muuza misumari aliacha wateja wake akaja kuangalia.

"Sasa, Shem. Kuna jiwe hapa kwako. Jeusi. Zito kuliko linavyoonekana."

"Aa! Mbona hukusema jiwe, unasema mchanga?" Shem alifunua bunda la mapazia yenye maua juu ya meza ya kukatia. Juu ya mapazia, kikiwa kimeyakandamiza yasiruke, kulikuwa na kitu kilichovaa koti. Koti la kitambaa cha kahawia, lililoshonwa vizuri, lenye vifungo viwili.

"Nani alilivika koti?"

"Mimi. Lilikuwa linamwaga mchanga kwenye kazi za watu, nikalishonea kwa mabaki ya suti ya Nzuki. Jumatano hiyo, baada ya yeye kuchukua yake. Sajenti, sijapata kuona chombo kama hiki. Dogo, linakaa mkononi, lakini ukiliweka juu ya kitambaa, hata upepo wa Agosti hausogezi kitu. Wazungu wana vitu vyao!"

Zedekiah alifungua kifungo cha juu. Chini ya koti, kwa rangi nyeupe, iliandikwa 14.

"Umelitoa wapi?"

"Lilikuja na mapazia haya. Mimi nilidhani ni zawadi ya fundi."

"Mapazia ni ya nani?"

"Ya memsahib mmoja wa Kabete. Yaya wake ndiye aliyaleta, Nanjala. Memsahib Hallam."

Zedekiah alifunga kifungo tena, polepole. Alikumbuka funguo mbili za sanduku. Aliona mbele yake njia ndefu ya kupanda mpaka Kabete, na mwisho wa njia hiyo Mzungu mmoja, na yeye sajenti mweusi anakwenda kumwambia jambo ambalo halina namna nzuri ya kuambiwa mtu. Akamwomba Shem kamba.

Baiskeli haikulipenda jiwe. Kwenye tambarare ilikwenda, lakini kila mlima ulipoanza, gurudumu la mbele lilinyanyuka kama farasi anayekataa daraja, na sajenti akalazimika kushuka na kusukuma. Alipita Kangemi hivyo, akitokwa jasho, jiwe limevaa koti nyuma yake kama mtoto wa shule.

Nyumbani kwa Hallam alipita mlango wa jikoni. Nanjala, mwanamke wa kutoka Kimilili, kwao Zedekiah, alikuwa akichambua mboga. Aliliona koti, kisha akaona kilichomo.

"Eh! Jiwe la mapazia! Na mapazia yenyewe yako wapi, kaka?"

"Yanakuja. Dada, ni wewe uliyelipeleka kwa fundi?"

"Memsahib alikuwa anapima mapazia barazani, upepo unayarusha, akayawekea hili jiwe juu. Halafu akasema, Nanjala, chukua vitu hivi vyote upeleke kwa fundi. Vyote! Mimi ni mtu wa kubagua? Nikafunga vyote. Mpaka nafika kwenye basi shingo imeingia mabegani. Nikasema moyoni, mapazia ya Kizungu mazito kweli."

"Na barazani lilifikaje?"

Nanjala aliuangalia mlango, akashusha sauti. "Bwana alikuja nalo Jumamosi ile nyingine kwenye mkoba. Kulikuwa na wageni wa chakula. Akawapa walibebe mmoja mmoja, kila mmoja anasema 'Oo!' Kisha wakaingia kwenye vinywaji, jiwe likabaki dirishani. Lakini kaka, mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu, dada."

Bwana Hallam alikuwa barazani, karatasi zimemzunguka, na mkewe akinywa chai. Alipoliona jiwe aliruka, akalikumbatia kifuani.

"Wewe pata jiwe yangu! Mzuri sana! Nani navalisha hii koti?"

"Habari zake ndefu, bwana. Kabla sijafunga faili nahitaji neno lako kidogo, kwa kuandika." Zedekiah alifungua daftari. "Mtu akitoa jiwe katika sanduku, asiandike kitabuni, asimwambie karani, mtu huyo ni nani?"

"Mwizi!"

Zedekiah aliandika. "Hata kama ni mtu wa kampuni?"

"Hiyo mbaya zaidi! Mwizi kabisa!"

"Hata kama alitaka tu kuwaonyesha rafiki zake, kwenye chakula, wakalibeba, wakashangaa?"

Bwana Hallam alifungua kinywa aseme mwizi, na kinywa kikabaki hivyo hivyo, wazi. Macho yake yalikwenda dirishani. Yakakaa huko. Wekundu ulianza shingoni, ukapanda taratibu kama chai kwenye kitambaa, hadi masikioni. Kalamu ya Zedekiah ilingoja juu ya karatasi.

Memsahib aliweka kikombe chini. Yeye alijifunza Kiswahili kitabuni, na alikisema sanifu kuliko wote waliokuwepo. "Mume wangu," alisema, "naona umekwisha kujihukumu." Akacheka hata akashika ubavu.

Bwana Hallam hakucheka. Alipopata sauti, alipata na hasira. "Fundi! Kwa nini fundi naweka jiwe yangu siku mingi? Shika fundi!"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Zedekiah alipajua tangu River Road. Aliona jinsi jambo hili linavyoteremka: kutoka kwa bwana hadi kwa msaga mawe, likitoka hapo hadi kwa fundi, likitoka hapo hadi kwa yaya, kila mara likitafuta aliye chini. Alisimama wima, visigino pamoja.

"Ndiyo, bwana. Fundi alipewa na Nanjala. Nanjala alitumwa na memsahib. Memsahib alilikuta dirishani. Nikimshika fundi kwa kukaa na jiwe, sheria inataka nishike mstari wote, na mstari lazima uanze mwanzo. Tatizo langu ni kwamba nimekuja na pingu jozi moja."

Jikoni, kisu cha Nanjala kilikuwa kimesimama.

Memsahib alinyoosha mikono yake miwili juu ya vikombe vya chai. "Anza na mimi, bwana sajini. Mume wangu atafuata kwa miguu."

Bwana Hallam alimtazama mkewe, akamtazama sajenti, akalitazama jiwe lililovaa vizuri kuliko yeye. Kisha akavuta karatasi, akaandika kwamba jiwe namba kumi na nne halikuibwa na mtu yeyote, akatia sahihi kwa nguvu hata nibu ikachana karatasi. Akawasha Landrova yeye mwenyewe, baiskeli ikatiwa nyuma.

Waliwahi kituoni Inspekta Crabbe akiwa amekwisha kuchukua kofia. Alisoma karatasi mara mbili.

"Kama hakuna mwizi," aliuliza, "jiwe lilitoka vipi?"

Bwana Hallam alichunguza dari kwa makini sana, kama mtu aliyeona madini huko. Crabbe alimwangalia kwa muda, akaelewa, akatoa kalamu bila kuuliza tena. Alikuwa na huzuni. Nchi ya kigeni ilimponyoka.

Nzuki alitoka saa kumi na moja na nusu. Ndunge aliteremka mezani, akamkagua mbele na nyuma kama mtu anayenunua ng'ombe, akamkabidhi Zedekiah kuku. Kisha akauliza, "Na suti?"

Suti ilikuwa kidhibiti namba mbili. Stoo ilikuwa imefungwa, Mutiso amekwenda na ufunguo, na zamu yake nyingine ni Jumatatu. Crabbe alikwisha kwenda. Tobias, aliyekuwa amengoja nje ya lango tangu saa tisa bila kuthubutu kuingia, alisogea akasema yeye anayo suruali nyeusi ya kanisani, safi kabisa, na kwamba angeona heshima kubwa Nzuki akiivaa. Nzuki alimtazama yule mtu mfupi kutoka utosini hadi kwenye viatu. "Asante, karani," alisema mwishowe.

Jumamosi asubuhi Zedekiah alimtafuta Mutiso nyumbani, hakumkuta. Alimtafuta sokoni, hakumkuta. Saa nne kasorobo alimpata Ngara, kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mutiso alisema kanuni haziruhusu. Zedekiah alimwambia kinyozi aache kunyoa mpaka kanuni ziruhusu. Ufunguo ukatoka.

Saa tano na dakika kumi sajenti alikuwa akikanyaga baiskeli kuingia Kangemi, sare imeloa, bunda la karatasi lenye muhuri kwapani. Kanisa lilijaa hadi kwenye madirisha. Akasukuma mlango, ukalia kwa bawaba, na ndani sauti ya pasta ilikuwa ikisema:

"...na kama yuko mtu hapa mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, na aseme sasa."

Watu mia wakageuka. Wakaona askari mlangoni, anahema, mkono umeinuliwa. Kwaya ikainama nyuma ya viti. Baba yake Nthenya akasimama polepole, na Ndunge akamkalisha kwa kiwiko. Mbele, Nzuki aliyekuwa ameshika mkono wa bibi harusi aliinua mikono yote miwili juu, kama alivyozoea wiki ile, na suruali ya Tobias, ambayo tangu mwanzo ilimkomea chini kidogo ya magoti, ikapanda zaidi.

Zedekiah alisubiri pumzi irudi.

"Mimi sina neno, pasta," alisema. "Nimeleta suruali."